Mashine ya bisi ya upepo: miezi minne nikiitumia kukwepa zege la saa sita usiku

Nianze na bei ili wenye haraka waondoke mapema. 65,000 Kariakoo, muuzaji alianzia 85,000 nikajifanya naondoka akaniita kabla sijafika mlangoni. Inafanya kazi. Ina kelele sana. Kifuniko chake ni cha hovyo. Na kama unaishi nyumba ya kupanga ambayo ukipiga chafya jirani anakuambia pole, soma mpaka chini kwanza kabla hujatoa hela yako.

Sasa stori yenyewe. Mimi ni fundi nguo, naishi Tabata, na kazi yangu mchana haiendi, wateja wanaingia wanatoka, huyu kaja kupimwa, huyu kaja kugombana kwa nini gauni halijaisha, kwahiyo kukata na kushona kwenyewe nafanya usiku, hasa msimu wa sendofu na kicheni pati ambapo unaweza kuwa na sare ya watu ishirini na shughuli ni Jumamosi. Naanza saa mbili usiku naenda mpaka saa saba. Na hatua kama arobaini kutoka dirishani kwangu kuna kijana wa chipsi.

Yaani huyu kijana sina ubaya naye kabisa, ni mchapakazi na mikono yake misafi, tatizo ni mimi. Ikifika saa tano na nusu naanza kusikia lile chujio la bati linagonga ukingo wa karai, kah kah kah, anakung'uta mafuta, halafu harufu inapita kwenye wavu wa dirisha inakaa pale kwenye cherehani inanisubiri. Nikishuka ananiuliza "Fundi, leo kavu au zege?" na sijawahi hata siku moja kusema kavu, siku zote ni zege, yaani chipsi mayai. Anamwaga chipsi kwenye kikaango kidogo, anapasulia mayai mawili juu, anazungusha kikaango yai lifike pembeni, anafunika na sahani, anageuza, anarudisha. Kachumbari, pilipili, tomato ile nyekundu ya kwenye chupa. 3,500. Mara tano kwa wiki, wakati mwingine sita, ukipiga hesabu ni kama 70,000 kwa mwezi naila usiku halafu naenda kulala juu yake.

Januari nikaenda kupima kwa sababu nilikuwa nachoka hovyo. Kipimo cha sukari cha asubuhi kabla ya kula kikasoma 6.4. Daktari akaniambia "dada, hujawa na kisukari, kisukari tunaanza kukihesabu kwenye 7, ila umeshafika getini." Akaniuliza nakula nini usiku. Nikamwambia. Akacheka kidogo, akaacha, akaniambia mwili usiku unaishughulikia sukari vibaya kuliko asubuhi, kwahiyo sahani ileile ya viazi ukiila saa sita usiku haikutendei sawa na ukiila saa saba mchana. Hiyo ndio sentensi iliyonikaa, mengine yote aliyosema nilishawahi kuyasikia.

Kabla ya mashine nilijaribu vitu vingine, nitavitaja haraka maana havikufika mbali. Maji ya kunywa, eti njaa ni kiu, nikaishia kwenda chooni mara nne na njaa iko palepale. Matango, ni mazuri ila tango haligombani na zege, unakula tango huku masikio yako nje. Karanga ndio zilinimaliza kabisa, maana watu wanasema karanga ni afya na ni kweli ila gramu 100 za karanga zina karibu kalori 600 na mimi nikianza kumenya siku hiyo ni mpaka mfuko uishe, sijui nani anayeweza kula karanga kumi akafunga mfuko, simjui.

Nilichogundua ni kwamba mimi nilikuwa sitafuti kushiba. Nilikuwa nataka kitu cha moto, chenye chumvi, kinachotafunika kwa kelele, na kinachonitoa kwenye kiti cha cherehani kwa dakika kadhaa. Tango ni la baridi na halina chumvi na liko palepale kwenye friji. Ndio nikafikiria bisi.

Mashine yenyewe sasa. Ni ya upepo, yaani haitumii mafuta. Ndani ina kikombe cha chuma chenye matundu pembeni, unamwaga mahindi ya bisi, upepo wa moto unayazungusha mpaka yanapasuka, yakishapasuka yanakuwa mepesi yanapulizwa yanatokea kwenye mdomo wa mbele yanaangukia kwenye bakuli. Hakuna cha kukoroga, hakuna sufuria ya kusugua. Brandi ni moja ya yale majina ya kwenye boksi ambayo hujawahi kuyasikia na hutayasikia tena. Watti 1200. Ilikuja na plagi ya miguu miwili ya duara kwahiyo kwenye soketi zetu haiingii, na najua wengi mnachofanya, mnachokonoa tundu la juu kwa kalamu ndio mnaingiza, msifanye hivyo kwa kitu cha watti 1200, nunueni adapta, ni 3,000 tu.

Kuhusu umeme watu ndio wananiuliza sana kwa sababu kila kitu kinachopasha moto tunakiogopa tukikumbuka pasi. Raundi moja ni dakika tatu. Watti 1200 kwa dakika tatu ni uniti 0.06, na kwa sisi tulio kwenye tarifa ya kawaida ambayo uniti moja ni mia tatu hamsini na kitu, inakuja kama shilingi 20. Mahindi nanunua kilo 4,000 sokoni, naweka vijiko viwili vikubwa ambavyo ni kama gramu 30, hiyo ni shilingi 120. Bakuli zima la bisi 140. Nalinganisha na 3,500. Hapo hata ningekuwa sina shida ya sukari ningeinunua tu kwa ajili ya hela.

Ila nataka kuwa mkweli kwenye hili la kalori maana watu wa dayati wanapenda kudanganyana. Kwa uzito, bisi zina kalori nyingi kuliko chipsi. Ndiyo. Gramu 100 za bisi za upepo ni kama kalori 380 na kitu, gramu 100 za chipsi za kukaanga ni kama 300. Tofauti ni kwamba gramu 100 za bisi ni beseni, mimi na wanangu wawili hatulimalizi, wakati gramu 100 za chipsi ni ule mwanzo tu unaokula umesimama ukisubiri kachumbari. Zile gramu 30 zangu zinajaa bakuli la kunawia na ni kama kalori 110, wakati kijiko kikubwa kimoja tu cha mafuta ya kupikia ni kalori 120, na zege sijui limekunywa vijiko vingapi. Kwahiyo bisi zinakusaidia kwa sababu zimejaa hewa na zina nyuzinyuzi, bado ni mahindi, bado ni wanga. Ukila beseni umekula beseni.

Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha. Kwanza bisi za upepo zisizo na kitu zina ladha ya boksi, sijui niseme nini kingine, unatafuna unasikia kelele lakini mdomoni hamna habari. Nikanyunyizia chumvi, chumvi yote ikashuka chini ya bakuli, kwa sababu hazina mafuta hakuna cha kuishika. Nikasema basi ndimu, nikakamulia ndimu kama tunavyofanya kwenye mahindi ya kuchoma. Jamani. Ziliingia maji zikasinyaa mbele ya macho yangu, bisi iliyokuwa kama ua ikawa kama kipande cha pamba kilicholowa, zinalia tss tss tss halafu kimya. Siku hiyo nilishuka kwa kijana wa chipsi bila hata kuvaa kanga vizuri.

Nilichokuja kukiweza ni hiki. Chumvi nasaga kwenye kile kikombe kidogo cha blenda pamoja na pilipili ya unga, pilipili manga na binzari nyembamba mpaka iwe vumbi kabisa, kama poda, naiweka kwenye kichupa. Bisi zikitoka bado za moto, napaka bakuli kwa nusu kijiko cha chai cha samli, namwagia bisi, natikisa, halafu vumbi lile kidogo juu, natikisa tena. Chumvi ikiwa laini hivyo kidogo tu inaenea, na hilo ni muhimu maana mtu mzima anatakiwa asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na mchuzi wa mchana umeshakula sehemu yake. Samli ndio inabeba harufu, mwanangu mkubwa akisikia anaamka.

Jambo la pili lililonisumbua ni mahindi yasiyopasuka. Mara ya kwanza karibu robo nzima ilibaki chini kama kokoto, nikajua mashine ni mbovu, nikampigia muuzaji nikamfokea. Kumbe mahindi. Kila punje ya bisi ina maji kidogo ndani, kama asilimia 14 hivi, na ganda gumu nje, likipata moto yale maji yanakuwa mvuke yanabanwa mpaka ganda linashindwa, ndio pah. Sasa mahindi niliyonunua yalikuwa yamekaa wazi kwenye gunia la duka sijui tangu lini yamekauka, maji yameisha, hamna mvuke, hamna pah. Dada mmoja muuza nafaka sokoni ndio alinifundisha, unaweka kilo kwenye ndoo yenye mfuniko, unanyunyizia maji kijiko kimoja, unatikisa, unafunika siku tatu nne huku unatikisatikisa. Nilifanya nikiwa siamini. Yalipasuka karibu yote. Tangu hapo sinunui ya kwenye gunia lililo wazi na naweka kwenye kontena la kufunga. Na nimejaribu pia mahindi ya kawaida yale ya kande, usijisumbue, ganda lake haliwezi kuubana ule mvuke, yanababuka tu na kunuka.

Tuje kwenye kelele, ambayo ndio kasoro kubwa. Inalia kama drayeri ya saluni, ile kubwa ya kuvaa kichwani, na juu ya mlio huo mahindi yanagonga chuma. Saa sita usiku. Mama yangu alikuja kukaa na sisi Machi, usiku wa pili akagonga mlango wa chumba cha kushonea.

"Mwanangu, unakausha nywele saa hizi?"

"Hapana mama, natengeneza bisi."

Akakaa kimya kidogo. "Bisi za nani?"

"Zangu mama."

"Haya. Nikajua una mgeni."

Halafu akakaa kwenye kitanda cha vitambaa akala nusu ya bakuli, akaniambia kwao enzi zao bisi ni za mtoto anayeumwa au za kwenye khitima, mtu mzima anakula chakula, na ndio akaniuliza swali ambalo daktari hakuniuliza. "Mchana ulikula nini?" Nikajaribu kukumbuka. Chai ya asubuhi na chapati moja. Mchana kulikuwa na mteja nikasema nitakula baadaye. Saa kumi soda. Usiku nikaonja ugali wa watoto nikiwa nimesimama. Mama akasema basi huna ugonjwa wa kula usiku, una njaa ya saa saba mchana inafika kwako saa sita usiku kwa kuchelewa, kama daladala.

Aisee nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimeshanunua mashine ya 65,000. Ila nikajaribu. Nikaanza kula mchana kweli, maharage, mchicha, wali kidogo au ugali, nikiwa nimekaa, mlango wa duka nimerudishia na mteja akija anasubiri. Na usiku saa mbili kabla ya kuanza kazi nakula tena chakula kamili, sio kuonja. Baada ya kama siku kumi ile harufu ya chipsi ikawa inapita dirishani nasema mmh, nzuri, halafu naendelea kupinda ukosi. Sio kila siku. Siku ambazo usiku uliotangulia nimelala masaa manne tu inarudi na nguvu zilezile, na hilo nalo lina sababu yake, usipolala vya kutosha ile homoni ya njaa inapanda na ile ya kukuambia umeshiba inashuka, unakuwa unagombana na mwili wako mwenyewe. Siku hizo ndio bisi zinafanya kazi yake haswa. Yaani mashine sasa naitumia mara mbili tatu kwa wiki, kabla ya hapo ilikuwa kila usiku na wakati mwingine raundi mbili.

Mei nikapima tena, 5.9. Sitasema ni bisi. Sitasema pia ni mchicha. Zege lilipungua, mchana nikala, nikawa nalala mapema siku za Jumapili na Jumatatu, yote yaliingia kwa pamoja, huwezi kutoa moja ukalipa sifa.

Kifuniko sasa. Kile cha plastiki cha juu kinachoelekeza bisi ziingie bakulini kilipata ufa mwezi wa pili tu wa kuitumia, sijaangusha, moto wake mwenyewe. Nikarudi dukani maana muuzaji aliniapia waranti ya mwaka mzima. Akaniangalia kama vile hajawahi kuniona duniani. Akasema waranti ni ya mota. Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema, "Mama, kwani mota imekufa?" Haijafa kweli. Sikuwa na karatasi yoyote zaidi ya risiti iliyoandikwa "mashine 1". Kwahiyo ukinunua popote pale, mwambie aandike waranti ni ya nini na nini, kwa mkono wake, kwenye risiti, kabla hujatoa hela, baada ya hapo wote tunakuwa hatujuani. Mimi nilifunga ule ufa kwa waya mwembamba na sasa bisi tatu nne kila raundi zinarukia nyuma kwenye meza ya kukatia, juzi mteja amekuta bisi ndani ya mfuko wa suti yake.

Kingine, usiiendeshe mfululizo. Raundi mbili halafu iache ipoe dakika kumi, ikipata moto sana inajizima yenyewe na inagoma mpaka iamue. Na ukizidisha kile kipimo cha ndani, mahindi hayazunguki vizuri yanaungua chini halafu moshi, na moshi wa bisi zilizoungua unakaa kwenye vitambaa siku mbili, niamini kwenye hili, nilikuwa na satini ya bibi harusi mezani.

Kwa nyota tano naipa tatu na nusu. Nusu iliyokatwa ni ya kifuniko, na moja nzima ni kelele.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa nne usiku, nimebakiza mikono ya magauni sita na ya kushona kwa mkono yapo, nikawasha taa ya chaji nikaendelea. Saa sita mashine haiwezi kufanya kitu bila umeme, na mimi mchana wa siku hiyo nilikuwa nimekwenda kununua vitambaa sikula. Nikashuka. Yule kijana yeye ana mkaa na taa yake ndogo ya sola, biashara inaendelea kama kawaida.

"Fundi! Ulisafiri?"

"Nipo mdogo wangu."

"Zege?"

"Yai moja, chipsi nusu, kachumbari jaza."

Akanipimia huku anacheka, akaniuliza kama ni kweli nina mashine ya bisi maana anaisikia ikilia usiku na alidhani ni jenereta ya jirani. Nikamwambia ni kweli. Akauliza bei, akasema anafikiria kuiweka pembeni ya kabati lake, chipsi huku bisi kule, watoto wa jioni watanunua. Nikamwambia haiwezi biashara, raundi mbili tu inataka kupumzika.